Kujiandaa kwa Masomo ya Sheria: Nafasi ya Mwanafunzi wa Kiswahili

Utangulizi

Imekuwa ada katika vyuo vyetu kwamba mwanafunzi wa Kiswahili anapotaja nia ya kusomea sheria, wenzake humshauri aiage lugha hii kwanza. Huambiwa kuwa sheria ni uwanja wa Kiingereza na kwamba mashairi na riwaya alizozichambua hazitamfaa kitu. Makala haya yanapinga rai hiyo. Tunakusudia kuonyesha kuwa masomo ya sheria ni, kwanza kabisa, kazi ya kusoma kwa makini na kupima uzito wa maneno. Mwanafunzi aliyezoea kuuliza kwa nini mtunzi ameteua neno hili na si lile tayari anao msingi. Kilichosalia ni kujua namna ya kuujengea.

Njia ya Kuelekea Uwakili

Ni muhimu anayejiandaa afahamu safari yenyewe. Nchini Kenya, shahada ya kwanza ya sheria huchukua miaka 4. Miongoni mwa masomo yake ya lazima ni sheria ya mikataba, ya jinai, ya katiba, ya ushahidi na ya madhara. Anayetaka kuwa wakili hujiunga baadaye na Chuo cha Sheria cha Kenya kwa mafunzo ya uwakili yenye masomo 9, yakiwemo uendeshaji wa kesi za madai na za jinai, uandishi wa kisheria, uhamishaji wa umiliki wa ardhi na maadili ya taaluma. Hutahiniwa na Baraza la Elimu ya Sheria kwa mradi, mtihani wa mazungumzo na mtihani wa kuandika, ambao ndio wenye alama nyingi zaidi. Aidha, hufanya uanagenzi wa miezi 6 chini ya wakili mwenye tajiriba.

Hata mlango wa kuingilia umejengwa kwa maneno. Sheria ya mwaka 2012 iliyohusu Chuo hicho ilitaja, miongoni mwa masharti ya kujiunga, alama ya B katika Kiingereza au Kiswahili. Swali la ni nani hasa anayebanwa na sharti hilo limezua kesi nyingi mahakamani, na sehemu kubwa ya mabishano imehusu kiunganishi "au" kilichotenganisha aya mbili za masharti hayo. Je, kila aya ilisimama peke yake, au zilipaswa kusomwa pamoja? Ndoto za wanafunzi wengi zilining'inia kwenye silabi mbili. Kwa sababu hiyo, yeyote anayetaka kujiunga na athibitishe masharti yanayotumika mwaka wake kutoka kwa Baraza na Chuo chenyewe, wala asitegemee uvumi.

Namna ya Kuisoma Kesi

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hulemewa na wingi wa kesi. Wengi hukosea kwa kuzikariri kama hadithi. Kila kesi isomwe kwa maswali manne: Ni nini kilichotendeka? Ni swali gani la kisheria lililokuwa mbele ya mahakama? Iliamuliwaje? Ni kwa sababu gani?

Tuchukue kesi ambayo mwanafunzi wa sheria ya madhara hakosi kukutana nayo, ya Donoghue dhidi ya Stevenson. Mwaka wa 1928, katika mkahawa mmoja mjini Paisley, Scotland, mwanamke alinunuliwa soda ya tangawizi na rafikiye. Chupa haikuonyesha kilichomo. Baada ya kunywa kiasi, alidai kuwa masalio yalipomiminwa alitokea konokono aliyeoza, naye akaugua. Hayo ndiyo yaliyotendeka. Swali lilikuwa hili: je, mtengenezaji wa soda anawajibika kwa mnywaji ambaye hakuinunua yeye mwenyewe na ambaye hana mkataba naye? Mwaka wa 1932, Baraza la Malodi, lililokuwa ngazi ya mwisho ya rufaa nchini Uingereza, liliamua kwa kura 3 dhidi ya 2 kwamba anaweza kuwajibika. Sababu aliyoitoa Lodi Atkin ilitegemea maana ya neno jirani: kisheria, jirani ni yule ambaye mtu anapaswa kumfikiria kuwa ataathirika kwa matendo yake, hata kama hawajawahi kuonana.

Msomaji wa fasihi atatambua kilichofanyika hapa. Neno la kawaida limepanuliwa maana, na maana hiyo mpya ikabeba sheria nzima. Anayekumbuka konokono pekee amekumbuka kisa. Anayekumbuka jirani ameielewa kesi.

Namna ya Kujibu Maswali

Hapa ndipo mwanafunzi wa fasihi anapopaswa kujirekebisha. Insha ya fasihi huvumilia utangulizi mrefu na tamathali za usemi. Jibu la sheria hudai mpangilio wa hatua nne: suala, kanuni, matumizi na hitimisho.

Tuseme mtahini ameuliza hivi: Ali ameondoka sokoni na baiskeli ya Otieno akiamini ni yake, kwa kuwa zinafanana. Je, ameiba? Suala ni iwapo kuchukua huko ni wizi. Kanuni imo katika kifungu cha 268 cha sheria ya adhabu ya Kenya, ambacho hutaka kitu kiwe kimechukuliwa kwa hila na bila dai la haki. Katika matumizi, tunaona kuwa Ali aliamini kwa dhati kuwa baiskeli ni yake, hivyo hila haikuwepo alipoichukua. Hitimisho ni kwamba hakuiba, ingawa jibu laweza kubadilika ikiwa alitambua kosa lake baadaye kisha akaamua kuiuza. Jibu kama hili halihitaji madoido. Lahitaji mwanafunzi aliyetambua kuwa neno "hila" ndilo kiini cha swali zima.

Mazoezi ni ya lazima. Wanafunzi wakutane wanne au watano, wachukue mitihani ya miaka iliyopita, waandike majibu kwa muda uliowekwa, kisha wasahihishane bila kuoneana haya. Hali kadhalika, washiriki katika mahakama za mazoezi. Aliyewahi kughani au kujibizana katika ngonjera ana sauti na ujasiri. Aongeze mantiki tu.

Lugha Mbili, Si Moja

Haitakuwa haki kumdanganya msomaji. Mihadhara ya sheria nchini Kenya hutolewa kwa Kiingereza, na Ibara ya 259 ya Katiba ya 2010 yasema kuwa matoleo ya Katiba katika lugha mbalimbali yakitofautiana, lile la Kiingereza ndilo litakalofuatwa. Mwanafunzi hana budi kukimudu Kiingereza cha sheria kwa kusoma hukumu moja nzima kila wiki, hata kabla ya kujiunga na chuo.

Hata hivyo, Ibara ya 7 ya Katiba hiyo hiyo imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi, nacho huruhusiwa katika mahakama za mahakimu. Jirani zetu wa Tanzania walikwenda mbali zaidi mwaka wa 2021 kwa kutunga sheria inayokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Tunapendekeza, basi, kila mwanafunzi aweke daftari la istilahi katika lugha zote mbili. Mshukiwa si mshtakiwa, na mshtakiwa si mhalifu. Kuua bila kukusudia ni kosa la kifungu cha 202, ilhali kuua kwa kukusudia ni kosa la kifungu cha 203.

Neno Kizimbani

Umuhimu wa haya yote huonekana mshtakiwa anaposomewa mashtaka. Katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri ya mwaka 1973, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki iliweka utaratibu ambao hunukuliwa hadi leo. Mashtaka na viini vyake vyote vielezwe kwa lugha anayoifahamu mshtakiwa. Maneno yake mwenyewe yaandikwe. Akikiri, upande wa mashtaka ueleze ukweli wa mambo, naye apewe nafasi ya kuupinga au kuufafanua. Akitia shaka juu ya hatia yake, jibu la kukiri libadilishwe. Ni baada ya hapo tu ndipo anapoweza kutiwa hatiani.

Chukulia mshtakiwa anayejibu, "Ni kweli nilimpiga, lakini yeye ndiye aliyenivamia kwa panga." Akiandikiwa sehemu ya kwanza pekee, amekiri kosa. Akiandikiwa sentensi yote, ametoa utetezi wa kujilinda. Neno "lakini" ndilo linaloweza kumtenganisha na jela. Wakili asiyekisikia Kiswahili barabara aweza kulipuuza.

Hitimisho

Tumeonyesha kuwa maandalizi ya masomo ya sheria ni kusoma kwa maswali, kujibu kwa mpangilio na kuzimudu lugha mbili kwa usahihi. Wahenga walinena kuwa haba na haba hujaza kibaba. Hukumu moja kwa wiki na istilahi tano kwa siku zitamfikisha mwanafunzi mbali. Shime, basi, wanafunzi wenzetu mnaoelekea huko: msikiache Kiswahili mlangoni. Kuna mtu kizimbani anayekingoja.