Eliya Chini ya Mretemu: Hisia Zikibadilika, Tufanye Nini?

Somo: 1 Wafalme 18:41 hadi 19:18, Yakobo 5:17, Zaburi 42

Baada ya maombi ya Jumatano mama mmoja alinisimamisha mlangoni akaniuliza, "Pasta, yule Roho wa Jumapili alienda wapi?" Amenikubalia niliandike swali lake bila kutaja jina. Jumapili alikuwa ameomba kwa machozi na kuimba mpaka sauti ikamkauka. Kufikia Jumatano moyo ulikuwa mkavu kama jiwe, na sasa alikuwa anajiuliza kama bado ni mtoto wa Mungu. Najua si yeye peke yake, ila yeye ndiye aliyekuwa na ujasiri wa kuuliza.

Sisi watu wa huku tunazijua vizuri hisia za kupanda na kushuka, kwa sababu hata mapato yetu yako hivyo. Mwezi wa Septemba na Oktoba, viwanda vya chai vikitangaza bonasi, mji wa Nkubu hubadilika. Ikiwa nzuri, hata watu wasiosalimiana husalimiana. Ikishuka, mzee anarudi nyumbani amenyamaza, na watoto wanajua leo si siku ya kuuliza karo. Mimi nilisomea biashara chuo kikuu kabla ya kuitwa kwenye huduma, kwa hivyo mtanivumilia nikiongea hesabu kidogo. Kitu cha kwanza ambacho mfanyabiashara hujifunza ni kwamba bei ya leo si thamani ya shamba. Mwaka ambao bonasi ya Kinoro au Githongo imeshuka, mashina ya chai hayajang'oka. Yako palepale, mizizi iko ardhini. Bei inakuambia kuhusu soko la mwaka huo. Haikuambii kama una shamba au huna.

Hisia nazo ziko hivyo. Ni habari, na wakati mwingine ni habari ya kweli kabisa. Lakini hati ya shamba haiandikwi na bei. Yesu aliposema katika Yohana 14:16 kwamba Baba atatupa Msaidizi akae nasi hata milele, hakusema atakaa mpaka Jumatano. Mama, Roho hakuenda mahali. Kilichoondoka ni msisimko, na msisimko hatukuahidiwa.

Sasa twende kwa Eliya. Yakobo anasema alikuwa mtu mwenye tabia moja na sisi, na ukisoma 1 Wafalme 18 unashangaa ni moja namna gani. Moto umeshuka Karmeli, mvua imerudi baada ya ukame mrefu, na Eliya anakimbia mbele ya gari la Ahabu mpaka Yezreeli. Geuza ukurasa mmoja tu. Yezebeli anatuma mjumbe mmoja mwenye maneno ya vitisho, na mtumishi yuleyule anakimbia mpaka Beer-sheba. Hiyo ni zaidi ya kilomita 150, mbali kuliko kutoka hapa Nkubu hadi Embu mjini, na wakati huo hakukuwa na matatu. Anamwacha kijana wake hapo, anaingia jangwani peke yake, anaketi chini ya mretemu na kumwomba Mungu amwondoe uhai. Kutoka ushindi hadi kutaka kufa ni sura moja!

Angalia Mungu anaanza wapi. Hamkemei, wala hamwambii kwamba mtu aliyeita moto hafai kulia. Anamlaza. Anamtumia malaika na mkate uliookwa juu ya makaa na chupa ya maji. Eliya anakula, analala tena, na malaika anamgusa mara ya pili ale, kwa sababu safari ni kubwa kuliko nguvu zake. Mahubiri hayajaanza bado. Tunao watu hapa kanisani wanaokemea pepo la huzuni saa tano usiku, na mtu mwenyewe hajala tangu asubuhi na ana siku tatu hajalala kwa sababu ya kuuguza mtoto. Mpe chakula kwanza. Mshikie mtoto alale. Hayo pia ni maombi.

Na hapa niseme jambo bila kuzunguka. Ikiwa huzuni yako imekaa wiki baada ya wiki, hulali, huli, na mawazo ya kutaka kufa yanakuja, mwambie mtu leo, usingoje Jumapili. Nenda hospitali. Tuna Consolata hapa Nkubu na hospitali ya rufaa kule Meru mjini; mimi mwenyewe nitakusindikiza ukitaka, na tutaomba njiani. Daktari si adui wa imani, kama vile ule mkate haukuwa adui wa malaika. Najua wengine walikuwa wananyamaza kwa kuogopa polisi, kwa sababu kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kifungu hicho kinakiuka Katiba. Kwa hivyo hofu hiyo nayo isikufunge mdomo.

Turudi kwa Eliya, maana sehemu ambayo wengi hatuioni iko mbele. Hebu fungua sura ya 19 ulinganishe mstari wa 10 na mstari wa 14. Eliya amefika Horebu baada ya siku arobaini. Mungu anamuuliza anafanya nini hapo, naye anajibu: mimi nimekuwa na wivu kwa ajili yako, wengine wamekuacha, nimebaki peke yangu na wananitafuta waniue. Halafu unapita upepo wa kupasua milima, tetemeko, moto, na mwishowe sauti ya chini, ya upole. Eliya anafunika uso. Anaulizwa swali lilelile. Ungetarajia aseme, "Haleluya, sasa nimepona." Hapana. Anarudia malalamiko yaleyale, karibu neno kwa neno.

Yaani amekutana na Mungu kweli na hisia bado hazijabadilika.

Na Mungu hamwambii abaki mlimani aombe mpaka asikie vizuri. Anampa kazi: rudi kwa njia uliyojia, umtie mafuta Hazaeli, na Yehu, na Elisha. Kisha anamrekebishia hesabu. Eliya alikuwa ameandika "mmoja" kwenye daftari lake. Vitabu vya Mungu vilionyesha elfu saba. Eliya anaondoka. Biblia haisemi aliondoka akiwa na furaha. Inasema aliondoka akamkuta Elisha analima. Mpendwa, usingoje hisia zikupe ruhusa ya kumtii Mungu. Ulezi wa watoto, kazi, zaka, kumsamehe mtu, kwenda kumwangalia mgonjwa, hayo yote yanaweza kufanywa na mtu mwenye moyo mzito. Wengine hufikiri huo ni unafiki. Unafiki ni kumdanganya Mungu kwamba uko sawa. Kumwambia ukweli halafu ukatii ni imani.

Lakini kuna hisia ambazo hazipiti kwa kula na kulala, na hizo ni hatari zaidi. Hasira inayogeuka chuki ni mojawapo. Ninyi mnajua maboma ambayo ndugu wawili hupita njia tofauti kwenda sokoni kwa sababu ya nusu ekari, na wote wawili ni waimbaji wazuri.

Nataka tujifunze kutoka kwa Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, Uganda. Huyu alikuwa mtoto wa uamsho wa Afrika Mashariki, ule ulioenea kutoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930. Alikuwa amehubiri upendo wa Kristo kwa miaka mingi na katika nchi nyingi. Tarehe 16 Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin, na serikali ikatangaza kwamba ilikuwa ajali ya gari. Siku chache baadaye Kivengere na mkewe Mera walivuka milima usiku kwa miguu wakaingia Rwanda. Alikuwa amepoteza rafiki, nchi na nyumba kwa wakati mmoja. Nani angemlaumu kwa kumchukia Amin?

Ijumaa Kuu ya mwaka huohuo alikuwa London, katika kanisa la All Souls. Akiwa kwenye ibada ya msalaba, Roho Mtakatifu alimwonyesha kwamba moyo wake ulikuwa unakuwa mgumu, kwamba uchungu dhidi ya Amin ulikuwa unaota mizizi. Akaomba asamehewe, akaomba neema ya kumsamehe Amin. Mwaka huo kikatoka kitabu chake chenye jina lililowakasirisha wengine: I Love Idi Amin, yaani Nampenda Idi Amin. Siku hiyo ya Ijumaa hakuna kitu kilichokuwa kimebadilika. Amin alikuwa bado ikulu, Luwum alikuwa kaburini, na Kivengere hangeweza kurudi nyumbani mpaka mwaka 1979 Amin alipoondolewa. Hakungoja hali ibadilike ndipo auachilie uchungu. Pia hakuupaka rangi. Hakusema "nimelemewa kidogo tu". Aliuita uchungu kwa jina lake mbele za Mungu, kisha akauambia ulimwengu.

Hilo la pili alilitoa kwa wale ndugu wa uamsho. Wao walikutana kila wiki na mtu alisimama akaeleza hali halisi ya moyo wake, wakaita kutembea nuruni. Sisi ushuhuda wetu siku hizi ni wa gari na visa. Ni lini mara ya mwisho ulisikia mtu akishika maikrofoni na kusema, "Wiki hii nilimchukia ndugu yangu, niombeeni"? Nadhani tumepoteza kitu hapo, na ushirika wa nyumbani ndio mahali pa kukirudisha, kwa sababu si kila jambo ni la maikrofoni.

Basi ukiomba, acha maombi ya jumla. Mwandishi wa Zaburi 42 aliijua nafsi yake imeinama, akaihoji mbele za Mungu, na aliihoji mara tatu ukijumlisha Zaburi 43, maana mara ya kwanza haikutosha. Sema, "Baba, nina wivu kwa jirani yangu kwa sababu ya ile nyumba." Sema, "Nimeogopa matokeo ya daktari." Hisia yenye jina unaweza kuikabidhi.

Na usiipe uamuzi. Usikope kwa simu usiku ukiwa na huzuni. Usiandike ujumbe mrefu kwenye kikundi cha familia ukiwa umekasirika. Lala nao, Waefeso 4:26 inataka hasira imalizwe, haijasema imalizwe kwa simu. Na furaha nayo iangaliwe. Mhubiri 5 inaonya juu ya nadhiri za haraka. Pengine kama pasta singefaa kuandika hivi wakati tunajenga, lakini afadhali shilingi mia tano zinazolipwa kuliko elfu hamsini zilizoahidiwa wakati ngoma zinalia.

Jumatano ijayo tutasoma Zaburi 88 katika ushirika wa nyumbani. Maombolezo mengi katika Zaburi hugeuka kuwa sifa kabla ya mwisho. Hii haigeuki, inamalizikia gizani. Isome nyumbani kwa sauti, polepole, halafu uandike mstari mmoja: kwa nini unadhani Mungu aliiacha ndani ya Biblia? Uje na karatasi yako saa kumi na mbili jioni. Tutaanzia hapo.