Kabla hujanunua mashine ya gemu, piga hesabu hizi



Mwaka jana, baada ya darsa la watu wazima ninalosomesha baina ya Magharibi na Isha, alinifuata mzee mmoja, fundi seremala wa Keko. Akaniambia: "Ustadh, nina swali. Si la kitabu, ni la mfuko." Kijana wake wa kidato cha pili alikuwa akishinda kwenye kibanda cha gemu mtaani, mechi moja shilingi 500, mechi nne kwa siku, na alikuwa anakata fedha za nauli na za chakula cha mchana. Mzee akaona bora anunue PlayStation 5 ili kijana atulie nyumbani. Dukani ameambiwa 1,700,000. Mkononi alikuwa na 1,800,000, nazo ndizo alizotenga kwa ajili ya ada ya binti yake. "Ninunue au nisinunue?"

Swali hili lipo katika nyumba nyingi za mjini, na wengi wetu hulijibu kwa hamaki. Yupo anayesema gemu zote ni upuuzi, na yupo anayenunua kwa sababu mtoto wa jirani anayo. Mchezo wenyewe si tatizo. Mtume (s.a.w.) aliwaacha Wahabeshi wacheze kwa mikuki yao msikitini siku ya Idi, na Bibi Aisha (r.a.) akawatazama. Tulichokatazwa ni israfu, na Qur'an imewasifu wale wanaotumia kwa wastani, bila kufuja na bila ubakhili (25:67). Sasa utajuaje kama umefuja ikiwa hujapiga hesabu?

Kwanza, bei ya kwenye boksi si bei ya mashine. Biashara hii imejengwa hivyo tangu zamani. Sony ilipotoa PlayStation 3 mwaka 2006, ile kubwa iliuzwa Marekani kwa dola 599, na bado kampuni ilikuwa inapata hasara kwa kila mashine. Faida ilitarajiwa kutoka kwenye gemu zitakazonunuliwa baadaye. Tuchukue mfano wa PlayStation 5 kwa bei za Marekani. Mashine ilitoka mwaka 2020 kwa dola 499. Padi ya pili ya kuchezea ilikuwa kama dola 70. Gemu kubwa jipya huuzwa dola 70, na ukinunua matatu kwa mwaka, kwa miaka mitano ni dola 1,050. Gemu nyingi ukitaka kucheza na wenzako kwa intaneti unalipa ada, ambayo mwaka 2023 ilipandishwa kutoka dola 60 hadi 80 kwa mwaka, basi kwa miaka mitano ni dola 400. Jumla ni zaidi ya dola 2,000, yaani mara nne ya bei ya boksi. Umeme nao haujaingia. Mashine hii hula kama wati 200 gemu kubwa linapochezwa. Kwa saa mbili kila siku ni uniti 12 za LUKU kwa mwezi, bila ya runinga.

Pili, angalia kama ina sehemu ya diski. Zipo zinazouzwa rahisi kidogo kwa kuwa hazina. Humo kila gemu hununuliwa kwenye duka la kampuni yenyewe, huwezi kuliazima, kuliuza wala kununua lililotumika. Kwa sisi ambao diski moja huzunguka nyumba tano, nafuu hiyo ya mwanzo huishia haraka.

Tatu, kusubiri. PlayStation 3 ilishuka hadi dola 299 mwaka 2009, hivyo aliyesubiri miaka mitatu alilipa nusu. Lakini PlayStation 5 imekwenda kinyume, kwani Agosti 2025 ilipandishwa Marekani hadi dola 550. Kwa hiyo usitegemee kuwa bei itashuka yenyewe. Nafuu ya uhakika ni mashine ya kizazi kilichopita, iliyotumika. Ukinunua hiyo, iwashe dukani nusu saa nzima, weka diski uone kama inasoma, sikiliza feni, jaribu kila kitufe cha padi, na hakikisha muuzaji ameondoa akaunti yake.

Nne, angalia fedha zinazotoka baada ya kununua. Katika gemu maarufu za mpira kuna pakiti za wachezaji zinazouzwa kwa fedha halisi, na unalipa kabla ya kujua umepata nani. Mwaka 2018 mamlaka ya michezo ya kubahatisha ya Ubelgiji ilisema huo ni mchezo wa kamari, na Januari 2019 kampuni ya EA ikaacha kuuza pointi za FIFA nchini humo. Ikiwa Ubelgiji wameliona hilo, Mwislamu haitaji kuelezwa mara mbili. Usiache kadi ya benki wala namba ya siri ya simu kwenye mashine ya mtoto.

Tano, na hili ndilo kubwa, gawa gharama kwa saa. Mzee wetu aliambiwa PlayStation 4 iliyotumika ni 550,000. Tukaongeza diski nane zilizotumika kwa miaka miwili, kila moja 30,000. Jumla 790,000. Kijana akicheza saa saba kwa wiki, kwa miaka miwili ni saa 728, sawa na kama shilingi 1,100 kwa saa. Kibandani, saa moja ya mechi tano ni 2,500. Mashine imeshinda.

Lakini hesabu hii ina mtego. Kadiri kijana anavyocheza zaidi, ndivyo saa moja inavyoonekana rahisi. Akicheza usiku kucha itashuka hadi shilingi 300, na mzazi atajiona amepata faida huku mtoto amepitwa na Alfajiri na amefeli hisabati. Saa zenyewe zina bei, nasi tutaulizwa juu ya umri kama tutakavyoulizwa juu ya mali. Kwa hiyo panga saa kwanza, kisha ndiyo ugawe. Na kama huna mtu wa kuzisimamia saa hizo, mashine hiyo ni ghali hata ukipewa bure.

Nikamuuliza mzee: "Jioni nyumbani anakuwepo nani?" Akanyamaza kidogo, akasema yeye hurudi saa tatu usiku, lakini mama yake yupo. Nikamuuliza tena: "Je, anakwenda kibandani kwa ajili ya gemu, au kwa ajili ya wenzake?" Hilo akasema atakwenda kumuuliza mwenyewe.

Ada ya binti ililipwa. Miezi minne baadaye, mzee alipomaliza oda ya vitanda, alinunua ile iliyotumika, taslimu, bila mkopo wa riba. Iliwekwa sebuleni na si chumbani, na padi hukaa kwa mama. Wenzake wawili wa kijana huja Jumamosi. Sitasema mambo yote yamenyooka, kwani mara mbili mzee amekuta kijana amerudi kibandani. Lakini nauli sasa inafika shule.

Ndugu msomaji, mashine ina thamani ya bei yake pale ambapo haijagusa ada, kodi ya nyumba wala deni la mtu, imenunuliwa taslimu, na saa zake zina mwenye kuzisimamia. Likikosekana moja kati ya hayo, rudisha fedha mfukoni.

Wabillahi tawfiq.