SOMO: KUFUNGUA MLANGO WA RUTA

Chama kilichofunga kamera juu ya mizani ya ghala hupenda katibu aitazame hata akiwa nyumbani. Lakini ruta hujulikana nje kwa anwani moja tu, na kamera ina anwani ya ndani, kwa mfano 192.168.1.20, isiyofikiwa na mtu wa nje. Mgeni akibisha hodi, ruta haijui impeleke wapi, nayo humkatalia.

Yapasa ruta iagizwe kwamba abishaye mlango fulani, katika milango 65,535 iliyopo, apelekwe kwenye kamera. Kwanza kamera ipewe anwani isiyobadilika. Hatua hii husahauliwa. Umeme ukikatika na kurudi, mgeni huweza kupelekwa kwenye chombo kingine.

Iko njia ya kichocheo, ambapo mlango hufunguka baada ya chombo cha ndani kupeleka habari nje, kisha hufungwa kikinyamaza. Ni salama zaidi, ila kamera haifaidiki nayo, kwani yenyewe humngoja mgeni.

Mlango wa njia ya kwanza u wazi usiku na mchana, kwa katibu na kwa mwizi. Neno la siri la kiwandani libadilishwe kabla. Kompyuta yenye hesabu za malipo ya wakulima isifunguliwe kamwe, hasa mlango 3389, unaotumika kuendesha kompyuta za Windows kutoka mbali.

Ikiwa anwani ya nje iliyoandikwa katika ruta iko kati ya 100.64 na 100.127, anwani ya umma iliyo mbele yake inatumiwa na wateja wengi pamoja. Kampuni ya mtandao iombwe anwani ya pekee kabla ya kuanza kazi.