Mtoto Mwenye Mahitaji Maalum: Kagua Chumba cha Nesari Kabla ya Kumwandikisha

Leo tuzungumze juu ya watoto wa miaka miwili hadi minne wenye mahitaji tofauti: asiyesikia vizuri, mwenye usonji, mwenye mtindio wa ubongo, mwenye kifafa, aliyechelewa kusema. Baadhi yetu hapa Uingereza humweka mtoto wa namna hii nyumbani "mpaka akae sawa". Wengine huridhika nesari ikisema tu "tutampokea". Kote huko mtoto anapoteza miaka ambayo ubongo wake unajifunza kwa kasi sana.

Mimi ni nesi, nimesomea nyumbani na huku pia, na ninalotaka ulikumbuke ni hili: kumpokea mtoto hakutoshi. Chumba ndicho kimfuate mtoto. Sheria ya Usawa ya 2010 inaitaka nesari ifanye marekebisho ya busara kwa mtoto mwenye ulemavu. Ukiyataja, huombi hisani.

UKIINGIA CHUMBANI, TAZAMA HAYA

1. Sauti. Piga kofi moja usikilize. Kama mwangwi unarudi, mtoto mwenye kifaa cha kusikia atapata shida, maana kifaa kinakuza na kelele pia. Zulia, mapazia na mito hupunguza mwangwi. Mwalimu aseme akiwa karibu naye, na asikae dirisha likiwa mgongoni, kwani uso wake utakuwa gizani na mtoto hataiona midomo.

2. Viti na meza. Nyayo za mtoto zifike chini na meza iwe usawa wa viwiko. Miguu ikining'inia, mtoto mwenye misuli dhaifu anatumia nguvu zake zote asianguke, na mkono unashindwa kushika kijiko au kalamu. Meza ya maji na mchanga iwe ya urefu ambao mwenye kiti cha magurudumu anaifikia, acheze pamoja na wenzake, si peke yake pembeni.

3. Ratiba ya picha. Picha zibandikwe usawa wa macho ya mtoto: kuvua koti, kucheza, kula, kwenda nje, kurudi nyumbani. Mtoto mwenye usonji mara nyingi hulia kwa sababu hajui kinachofuata. Picha inamwambia. Inamsaidia pia mtoto wetu aliyetoka nyumba ya Kiswahili na bado hajazoea Kiingereza.

4. Kona ya utulivu. Hema dogo na mto vinatosha, mbali na mlango. Uliza nani huenda pale. Ukijibiwa "watoto wakorofi", hiyo ni adhabu, si utulivu.

5. Ishara za mikono. Nesari nyingi hapa hutumia Makaton, ishara zinazokwenda pamoja na maneno. Usiogope kwamba zitamzuia mtoto kusema. Humpa njia ya kuomba maji leo, wakati maneno bado yako njiani.

6. Dawa. Kwa kifafa, pumu au mzio mkali, lazima kuwe na mpango ulioandikwa, dawa yenye jina la mtoto, na watu waliofundishwa kuitumia. Uliza: "Huyo aliyefundishwa akiwa likizo, nani anashika nafasi yake?"

USIKIACHE KISWAHILI

Wazazi wengi wameambiwa na majirani kwamba lugha mbili ndizo zimemchelewesha mtoto. Si kweli. Lugha mbili hazileti usonji wala hazisababishi tatizo la usemi. Mtaalamu akiuliza mtoto ana maneno mangapi, hesabu ya Kiswahili na ya Kiingereza yote. Ukihitaji mkalimani hospitalini, omba mapema, hulipi. Usimtumie mtoto mkubwa kutafsiri habari za mdogo wake. Waandikie walimu maneno kumi ya nyumbani: maji, choo, nataka, inauma, basi, na mengine anayoyatumia, na namna yanavyotamkwa.

HATUA ZA KUCHUKUA (ENGLAND)

- Usikose ukaguzi wa miaka miwili hadi miwili na nusu unaofanywa na timu ya manesi wa watoto. Sema wasiwasi wako wote, hata kama bibi nyumbani anasema "baba yake naye alichelewa".
- Uliza nani ni SENCO wa nesari, yaani mwalimu anayesimamia mahitaji maalum. Omba mpango wa maandishi na tarehe ya kuutazama tena.
- Kama mtoto anapata DLA, posho ya ulemavu, nesari inaweza kupata fedha za ziada za kuboresha chumba na huduma kwa ajili yake. Wakumbushe.
- Msaada wa kawaida usipotosha, mzazi mwenyewe anaweza kuiandikia halmashauri kuomba tathmini ya mpango wa EHC, uliowekwa na sheria ya 2014. Halmashauri ina wiki 6 kujibu kama itafanya tathmini. Weka nakala ya barua yako.

Ndugu zangu, mtoto si siri ya familia. Nenda na daftari, uliza, andika majibu. Ukiona chumba ambacho mwenye kifaa cha kusikia, mwenye kiti cha magurudumu na asiyesema wanacheza kwenye mchanga mmoja na wengine wote, mwandikishe hapo.