Ukomo wa Watumishi: Istilahi na Hesabu katika Seva ya Tovuti

Chama cha wanafunzi kinapoweka jarida lake mtandaoni, aghalabu seva huzidiwa siku ile ile ambayo wasomaji wanalihitaji zaidi. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba chanzo chaweza kuwa namba moja tu, na kwamba jina la namba hiyo liliwahi kupotosha.

Tuchukue mfano wa seva ya Apache. Katika mtindo wake uitwao prefork, kila muunganisho huhudumiwa na mchakato mmoja unaojitegemea, nao hushikilia kumbukumbu hata unapongoja tu. Idadi ya juu ya michakato hiyo iliwekwa zamani kwa agizo la MaxClients, yaani ukomo wa wateja. Katika toleo la 2.4, mwaka 2012, agizo hilo lilipewa jina la MaxRequestWorkers, yaani ukomo wa watumishi. Mwanaisimu hatakosa kuona uzito wa badiliko hili. Jina la kwanza lilimshawishi msimamizi ahesabu wageni anaowatarajia. La pili lamwelekeza awahesabu wanaokula ghalani mwake.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Tuseme mashine ina megabaiti 2048 za kumbukumbu, na mfumo endeshi pamoja na hifadhidata huhitaji 800. Zasalia 1248. Iwapo kila mtumishi hula 40, ukomo ufaao ni 31. Ilhali namba ya prefork msimamizi asipoigusa ni 256, ambayo ingedai megabaiti 10240! Kumbukumbu ikiisha, mashine hukimbilia diski, nayo diski ni ya polepole mno. Maombi hurundikana, watumishi zaidi huitwa, na hali huzidi kuharibika. Hatimaye kiini cha Linux huua mchakato mmojawapo ili kijinusuru, na mara nyingi huwa ni hifadhidata, kwa kuwa ndiyo iliyoshika fungu kubwa.

Je, msomaji wa 32 hufukuzwa? La hasha. Husubiri foleni, bila kumchukua mtumishi yeyote. Anayestahili kubanwa ni mtumishi anayeendelea kumngoja msomaji aliyekwishapata ukurasa wake. Agizo la KeepAliveTimeout humruhusu sekunde 5. Kwa seva ndogo, twaona 2 zatosha.

Ukubwa wa mtumishi nao upimwe wakati wasomaji ni wengi, si alfajiri seva ikiwa imelala.