Ziwa Turkana: Maji na Makazi ya Watu

Ziwa Turkana limo katika Bonde la Ufa, kaskazini mwa Kenya. Ncha yake ya juu yaingia Ethiopia. Urefu wake wapata kilomita 250. Nchi inayolizunguka ni kame, na zaidi ya robo tatu ya maji yake huletwa na mto Omo. Hakuna mto utokao humo: maji hupungua kwa kugeuka mvuke, nayo chumvi na magadi hubaki.

Miaka 9,000 hivi iliyopita mvua zilikuwa nyingi, na ziwa lilijaa hata likafurika kuelekea bonde la Nile. Wavuvi wa zama hizo waliacha vyusa vya mifupa, ambavyo leo huonekana mbali na maji, kama vile huko Lothagam. Yapata miaka 5,000 iliyopita mvua zilipungua, ziwa likarudi nyuma, na wafugaji wakaingia na mifugo yao. Papo hapo Lothagam walijenga makaburi ya pamoja yenye nguzo za mawe.

Leo Waturkana hukaa magharibi, Wadassanech kaskazini penye delta ya Omo, na Waelmolo, wavuvi wachache, karibu na Loiyangalani. Bwawa la Gibe III lilipoanza kujazwa katika Omo mwaka 2015, ziwa lilishuka. Baadaye mvua nyingi zililipandisha hata likafunika makazi ya ufukoni. Basi atawalaye maji ya Omo hugusa maisha ya wote hawa.

Swali: Kwa nini vyusa vya wavuvi hupatikana nchi kavu?