Mchaichai kwa wenye mchecheto

Mimi ni mtu wa mchecheto. Nikijua kesho nina usaili, au nitasimama ukumbini kutoa neno la shukrani mbele ya wakwe, usingizi unanihama. Dawa yangu imeota nyuma ya nyumba.

Nakata majani marefu manne au matano ya mchaichai, nayaosha, nayakunja fundo yapate kuenea sufuriani, kisha nayachemsha kwa vikombe viwili vya maji. Yakitokota napunguza moto, nafunika, nasubiri dakika kumi. Kufunika ni lazima, maana ile harufu ya ndimu ni mafuta ya jani lenyewe, nayo hutoroka na mvuke. Naongeza punje mbili za iliki zilizopondwa na asali kidogo. Majani ya chai sitii kabisa. Wengi hujiponza hapo: wanachemsha mchaichai pamoja na chai ya rangi iliyokolea, halafu wanashangaa moyo unazidi kudunda. Kafeini hiyo!

Nakunywa polepole kabla ya kulala, simu nimeiacha chumba kingine.

Ni dawa kweli? Brazili nako watu huunywa kwa ajili ya wasiwasi, na mwaka 1986 watafiti wa huko waliujaribu kwa watu waliojitolea. Hawakuona kwamba unaleta usingizi wala kupunguza hofu. Nimewaelewa, na bado naunywa. Kwangu kazi inafanywa na kinywaji cha moto kisicho na kafeini, ile harufu, na zile dakika kumi za kukaa jikoni bila kushika kitu.

Wengine hukuna kungumanga kwenye maziwa ya moto. Ncha ya kijiko cha chai inatosha, na mjamzito aiache. Ikizidi huleta kichefuchefu, mapigo ya moyo ya kasi, hata kuona vitu visivyokuwepo. Yaani ulichokuwa unakikimbia, na zaidi.

Kuna pia vidonge vya mmea uitwao St. John's wort, vinavyosifiwa sana mitandaoni. Hivyo hupunguza nguvu ya baadhi ya dawa za ARV na vidonge vya uzazi wa mpango. Usivinunue kabla ya kumuuliza mfamasia.

Na kama wasiwasi unakunyima usingizi na kula wiki baada ya wiki, hata pasipo jambo la kuogopa, nenda kituo cha afya ukaongee na mtaalamu. Mchaichai utaunywa ukirudi.